Jua la Swakopmund

Njia ya mwongo ni ndefu. Waliotuambia kuwa ni fupi hawakuwahi kukutana na mwongo aliyebeba hema mgongoni. Ya huyu ilivuka mipaka, ikala soli za viatu, na ingefika mwisho wa dunia kama isingekatizwa na Inspekta Jacklyne Awiti, mwanamke aliyezaliwa Usenge, kando ya ziwa, na ambaye hakuwahi kumwamini mtu anayesimulia vizuri kupita kiasi.

Kwa Awiti, njia hiyo ilianzia kwenye sakafu ya jiko huko Kitisuru, Ijumaa asubuhi, mwezi wa Februari 2005.

Mzee Hezekiah Ndungu, mgane wa miaka sitini na minne, alikuwa amelala kifudifudi kati ya meza na stovu. Kisogo chake kilikuwa kimepasuliwa kwa kitu kizito kisicho na makali. Daktari wa polisi alikadiria kuwa alikufa jana yake jioni, giza likiingia. Hakuna kioo kilichovunjwa wala kitu kilichoibwa; hata saa yake ya mkononi ilikuwa bado inahesabu.

Mlinzi wake, Dalmas, baba wa watoto wanne kutoka Funyula, ndiye aliyemkuta. Alipoona mlango wa jiko uko wazi, aliingia, akamwinua mzee kifuani akimwita. Kwa hiyo koti lake lilikuwa limelowa damu. Ufunguo wa geti ulikuwa mfukoni mwake, na geti halikuwa limefunguliwa usiku kucha. Awiti alipofika, Dalmas alikuwa tayari ndani ya Land Rover, pingu mikononi.

"Kesi imejifunga yenyewe, Afande," alisema Sajini Joash, akipiga miayo. "Damu, ufunguo, geti. Tunaweza kuwa ofisini kabla ya chai."

"Chai ndiyo inayonisumbua," alisema Awiti.

Mezani palikuwa na vikombe viwili vya kaure vyenye maua ya bluu, pamoja na visahani vyake. Kimoja kilikuwa na masalio ya chai ya maziwa. Cha pili kilikuwa kimepanguswa kikauka. Awiti alifungua kabati la vyombo: hapo ndipo vilipotoka, katika seti ya sita, vyombo ambavyo nyumba nyingi huvitoa kwa mchungaji, kwa wakwe, au kwa damu ya damu yao.

Alitoka hadi kwenye gari.

"Dalmas, wewe hunywa chai na mzee?"

Mlinzi alimtazama kama aliyeulizwa kama hulala kitanda kimoja na mzee. "Mimi? Madam, chai yangu inaletwa hapa geti na mkebe. Hiyo jikoni nimeingia leo mara ya kwanza, na ona venye imeniletea."

"Kuna njia nyingine ya kuingia?"

"Iko kilango kidogo huko nyuma, kwa migomba, ya kushuka mto. Lakini hiyo hufunguliwa na wenyewe tu. Inafungwa na waya, na hiyo waya iko na njia yake. Mimi nilijaribu siku moja ikanikata kidole."

Kilango kilikuwa kimefungwa. Waya wake ulizungushwa mara mbili, ukapenyezwa chini, ukarudishwa juu. Joash alijaribu kuufungua, akatukana, akanyonya kidole.

Waliporudi jikoni Awiti alikagua kila kitu kizito. Sufuria, chupa ya gesi, kiti. Nyuma ya mlango wa stoo alikuta mchi wa kupondea mukimo wa viazi na mahindi, mrefu kama mkono, mweusi kwa uzee. Ulikuwa umesimamishwa pembeni, kichwa chake kipana kikiwa juu. Aliugusa. Vumbi lilikuwa limejaa kote stoo, lakini mchi ulikuwa safi. Kwenye ufa mwembamba wa kichwa chake, maabara baadaye ilikuta damu ya Mzee Hezekiah.

"Mtu ameua," alisema Awiti, "halafu akaosha chombo na kukirudisha mahali pake. Joash, wewe ukivunja kitu jikoni kwa watu, unajua mahali pa kukirudisha?"

"Mimi hata kwangu sijui, Afande."

Mkuu wao hakuvutiwa na vikombe wala michi. Sheria ilimpa siku kumi na nne kabla ya mshukiwa wa mauaji kufikishwa mahakamani. "Ijumaa ya tarehe ishirini na tano mlinzi anasimama kizimbani," alisema. "Ukiwa na mwingine, niletee. Ukikosa, usiniletee hadithi."

Kosa la mauaji lilikuwa na adhabu moja tu, na kila mtu kituoni aliijua.

*

Mwana wa pekee wa marehemu, Ryan, alikuwa na duka la kuchapisha kadi za harusi na kalenda katika barabara ya River Road, ghorofa ya pili juu ya duka la misumari. Mashine zilikuwa zikiguguna. Ryan alikuwa na macho mekundu na jeuri ya mtu ambaye hajalala.

"Tulikosana, ndiyo. Nani hakukosana na Baba? Alitaka niache hii kazi nikae Kitisuru nikingojea kurithi."

"Jioni ya Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Mwenye duka la misumari anasema ulifunga saa tisa."

Ryan alizima mashine. "Madam, nikikuambia, utaambia ile kamati ya mazishi?"

"Inategemea kama umeua mtu."

"Nimezaa mtu!" Alicheka, kisha akafuta machozi kwa kiganja chenye wino. "Msichana. Philister alijifungua hiyo Alhamisi jioni. Baba hakutaka kumsikia kwa sababu kwao ni Vihiga, si kabila letu. Nilikuwa nimepanga nimpelekee mtoto amshike tu, nione kama atamkataa akiwa mkononi."

Wauguzi wawili walithibitisha. Hakutoka wodini hadi usiku wa manane. Alikuwa akimsumbua kila mtu kwa maswali kuhusu kitovu.

Kabla ya kuondoka, Awiti aliuliza juu ya mchi.

"Huo ni wa Tata Wangu," alisema Ryan. "Dada ya Baba, Wangu ndilo jina lake. Alirudi nyumbani bila bwana, akatupikia miaka mingi. Alikuwa mkali, weh! Ukitumia huo mchi, unauosha hapo hapo, unausimamisha nyuma ya mlango, kichwa juu ili ukauke. Ukisahau, unalala njaa."

"Tata Wangu yuko wapi?"

"Alifariki juzi 2002."

"Na nani mwingine alifunzwa hivyo?"

"Mimi na mtoto wake, Norman. Tulilelewa hapo pamoja. Lakini Norman yuko safarini na mkewe, Namibia huko. Walienda na mabasi na hema kama wazungu wasio na pesa. Tunawangojea ndio tuzike."

*

Norman na Anita walirejea Jumamosi ya wiki iliyofuata. Jumatatu jioni, kamati ya mazishi ilipokutana kwenye nyasi za Kitisuru, Awiti aliketi nyuma kwenye kiti cha plastiki, akiwa na soda mkononi.

Norman alikuwa mwanamume mrefu wa miaka thelathini na mitatu, mwalimu wa hesabu, mwenye sauti ya kuongoza nyimbo. Alimlilia mjomba wake bila haya. Kisha mzee mmoja, akitaka kupunguza majonzi, akamwambia: "Hebu tuambie huko mlikokwenda, kijana. Sisi wengine tumefika Mombasa tu, tena kwa mkutano wa kanisa."

Norman akasimama. Alisimulia vizuri. Walikuwa wametoka Riruta na shanta mbili, hema moja na jiko la mafuta la kuchemshia chai. Dar es Salaam, Lusaka, Windhoek, kisha bahari. Wakashuka kando ya bara, upande wa magharibi, mji hadi mji, wakila mkate na dagaa wa mkebe, wakilala mchangani.

"Na pale Swakopmund," alisema, akifungua mikono, "kila asubuhi tulitoka hemani tukasimama kimya. Jua lachomoza baharini, jekundu, kubwa kama sinia! Maji yenyewe ya vuguvugu, tunaoga hapo hapo, kisha tunasali. Hapo ndipo mtu anajua Mungu yupo."

"Amina," kamati ikaitikia.

Awiti naye akasema amina. Lakini kitu kilikuwa kimemkwama, kama mwiba wa samaki usioonekana ila ukimeza mate.

Baadaye alimfuata penye chai.

"Pole sana, Mwalimu. Picha mmepiga?"

"Nyingi! Anita anazo." Alitabasamu. "Mimi simo. Mimi ndiye mpiga picha wa nyumba."

"Na pasipoti yako ningeiona?"

Tabasamu halikuondoka, ila macho yaliliacha peke yake. "Iliibwa Lusaka tukirudi. Nimesafiri na karatasi ya muda. Kwani, Afande, mimi ni mshukiwa? Mlinzi si mnaye?"

"Tunaye," alisema Awiti. "Mimi ni mtu wa kuuliza tu."

Aliandika kwa idara za uhamiaji kusini akiuliza ni nani alivuka wapi. Akaambiwa majibu huchukua wiki kadhaa. Dalmas alikuwa na siku nne.

*

Siku iliyofuata alikwenda Riruta. Norman alikuwa shuleni. Wawili hao waliishi katika chumba kimoja na sebule, kwenye ploti ya kupanga karibu na Naivasha Road, mbuzi wa jirani wakichungulia mlangoni. Anita, mwalimu wa chekechea mwenye uso wa duara na ngozi iliyobabuka puani kwa jua, alimkaribisha kwa haraka ya mtu anayeogopa ukimya. Ukutani palikuwa na ramani ya Afrika iliyokatwa kwenye kalenda. Mstari wa kalamu nyekundu ulifuata ukingo wa kushoto.

"Hii safari ilikuwa ya nani?" Awiti aliuliza.

"Yangu. Norman alinicheka miaka mitatu. Kila Mkenya ameona bahari ya Mombasa, au ameota kuiona. Mimi nilitaka ile nyingine. Mwaka jana ndio akaanza kusema twende, twende, kama yeye ndiye aliota."

Alimmiminia chai katika kikombe cha bati, kijani, chenye uzi mwekundu wa sufi umefungwa kwenye kishikio chake. Yeye akanywea glasi.

"Kizuri hiki," alisema Awiti.

"Ni cha safari. Niliweka uzi ili visichanganyike na vya watu kambini. Vilikuwa viwili. Cha Norman..." Akaitazama glasi. "Kilipotea. Kilichukuliwa na mawimbi."

"Pole. Na hiyo bahari, ikoje? Mimi ni mtu wa ziwa."

Hapo uso wa Anita ulifunguka kwa mara ya kwanza. "Baridi! Ukitia mguu unadhani umekanyaga kisu. Hakuna mnazi hata mmoja. Ni mchanga tu, mchanga umekuja kukutana na maji. Asubuhi ni ukungu mtupu hadi saa nne. Huoni hata mkono wako. Lakini jioni, Afande! Jioni ukungu unatoka, na jua linashuka polepole lizame baharini. Linafika kwa maji, linajipasua kama kiini cha yai. Nililia kama mtoto. Kuna mama mmoja Mjerumani aliniona, akanipiga picha nikilia."

Awiti aliikuta picha hiyo kati ya zile za safari zilizokuwa mezani. Anita peke yake. Katika zote alikuwa peke yake, tangu Lusaka na kuendelea.

Aliweka kikombe chini taratibu. Alikuwa amekumbuka Usenge: nyanya yake akizoa dagaa wa omena kutoka kwenye nyavu za kuanikia, akiharakisha, mkono mmoja umekinga macho, kwa sababu jua la jioni lilikuwa likizama ziwani na kumchoma usoni. Mwiba ukatoka kooni.

"Anita, Norman aliliona jua hilo?"

"Sisi... ndiyo. Tulikuwa pamoja."

"Kuna mwanamume anaitwa Dalmas. Ijumaa anapelekwa kortini. Watoto wake wanne hawajamwona tangu hiyo siku. Mimi sikuulizi kitu kingine leo. Nimemaliza chai."

Anita alimsindikiza hadi langoni. Mikono yake ilikuwa imeshika ncha ya leso kama mtu anayezuia kitu kisimwagike.

*

"Mabasi ya Tanzania hushusha watu wapi?" Awiti alimuuliza Joash Jumatano asubuhi.

"River Road na hapo karibu."

"Na mtu anayerudi kisirisiri, asiyetaka kuonekana Riruta, atalala wapi?"

Joash alifumba macho. "Afande, kuna gesti kama mia hapo."

"Basi vaa viatu vizuri."

Walipanda ngazi na kushuka ngazi. Walionyesha picha ya Norman waliyoipata kwa Ryan, wakatukanwa na makarani, wakakaribishwa na wanawake ambao hawakuwa makarani. Alasiri, nyuma ya duka la mabomba, walifika kwenye gesti ya Mama Peres, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa bendeji.

"Huyu? Alijiita Dan. Alikuja hiyo wiki ya mvua ya ghafla. Alilala Jumatano na Alhamisi. Mgeni mzuri, hanywi, haleti mtu. Lakini Alhamisi alirudi giza limeingia, akaomba karai ya maji, akafua shati na suruali hiyo saa hiyo. Nikamwambia, baba, nguo haitakauka. Akasema itakaukia njiani. Asubuhi mapema akaondoka na basi ya Arusha."

"Ana uhakika gani?" Joash alinong'ona.

"Mimi nasikia, kijana. Nina uhakika kwa sababu alisahau kitu kule juu kwa kamba. Mimi huweka vitu vya watu mwezi mmoja kabla ya kuvitumia." Alikohoa. "Hiki nilikitumia mapema kidogo. Kinashika uji vizuri."

Kutoka chini ya meza akatoa kikombe cha bati, kijani. Kwenye kishikio chake kulikuwa na uzi mwekundu wa sufi.

*

Alhamisi, saa tisa alasiri, kamati ilikutana kwa mara ya mwisho kabla ya mazishi. Jua lilikuwa kali. Wazee walikuwa wamesogeza viti kwenye kivuli cha ukuta. Awiti aliomba dakika chache. Joash alisimama karibu na geti, mahali ambapo Dalmas alikuwa akisimama. Mama Peres alikaa pembeni, mkoba mapajani, akiangalia maua.

"Mwalimu Norman," alisema Awiti, "siku ile ulinibariki na habari za Swakopmund. Hebu rudia kidogo, wapo ambao hawakuwepo. Lile la jua."

Norman aliangaza macho. Hakuona hatari, aliona watu wake. "Jua la asubuhi? Tulitoka hemani tukaliona likichomoza baharini..."

"Asubuhi?"

"Asubuhi, ndiyo."

"Kutoka baharini?"

"Kutoka baharini."

Awiti akamgeukia yule mzee aliyefika Mombasa. "Mzee, ulipokuwa Mombasa, jua lilitoka wapi?"

"Baharini, si unajua! Hata nililala nje nilione."

"Kwa sababu Mombasa iko mashariki mwa bara. Ukiwa upande wa magharibi?"

Mzee alinyoosha fimbo yake kuelekea Limuru, halafu kuelekea mjini, akipima. Mkono wake ukasimama hewani. "Eh," alisema. "Eh! Huko litatokea nyuma yako. Kwa nchi kavu."

"Na litazama majini," alisema Awiti. "Kwetu Usenge ziwa liko machweo. Sijawahi kuona jua likitoka majini hadi nilipokwenda Mombasa nikiwa mtu mzima, na nilidhani dunia imegeuzwa. Mwalimu amesimulia bahari ya Mombasa, pamoja na maji yake ya vuguvugu. Ile ya Swakopmund inakata kama kisu, na asubuhi ni ukungu mtupu. Bahari hiyo hajawahi kuiona."

Minong'ono ilipita vitini. Norman alicheka, na kicheko hicho kilikuwa kizuri. "Afande, utamnyonga mtu kwa ajili ya jua? Nilighafilika. Nilikuwa na majonzi."

"Kweli. Jua halimnyongi mtu." Akafungua mfuko wa karatasi, akaweka kikombe cha kijani mezani. "Hiki ni chako?"

Mama Peres aliinuka, akavua miwani, akaivaa tena. "Sasa, Dan," alisema kwa upole kabisa. "Nguo zilikauka?"

Hakuna aliyecheka.

"Kinaweza kuwa cha mtu yeyote," alisema Norman. "Vikombe vya kijani ni vingi Nairobi. Na huyu mama anaweza kulipwa aseme lolote. Mimi nilikuwa Namibia na mke wangu. Muulizeni yeye."

Nyuso zote zikamgeukia Anita. Alikuwa ameketi kati ya shangazi wawili, leso mapajani. Awiti hakumwuliza kitu. Alingoja, na kungoja huko kulikuwa kazi nzito kuliko ngazi zote za River Road, kwa sababu alijua kuwa bila mwanamke huyu angekuwa na kikombe tu, na Dalmas angekuwa na kesho.

"Uzi nilifunga mimi," alisema Anita hatimaye. "Kwa fundo la mara tatu. Hesabuni."

Mzee mwenye fimbo alihesabu. Mafundo yalikuwa matatu.

"Anita," alisema Norman.

"Alibaki Lusaka. Alisema ana malaria, hawezi kuendelea, na nisikose bahari kwa sababu yake. Nikaenda. Niliporudi alikuwa pale pale kwenye gesti tulipoachana, akaniambia nisimwambie mtu kwamba nilitembea peke yangu. Watasema ni mwanamume gani anaachwa kitandani mkewe akizunguka. Nikaona ni aibu ya mume wangu, nikaibeba. Nilidhani nimebeba aibu tu."

"Uliondoka Lusaka basi la mkeo likiwa halijafika Livingstone," Awiti alimwambia Norman. "Ulishuka kwenye kituo cha River Road Jumatano. Alhamisi jioni ulipita mtoni, ukafungua waya ambao Dalmas hawezi kuufungua. Mjomba wako akakutolea kikombe cha kabati. Ukampiga kwa mchi. Na hapo ulikuwa huru, Mwalimu. Ungeuacha sakafuni, ungekuwa mchi wa mtu yeyote. Lakini uliuosha, ukausimamisha nyuma ya mlango, kichwa juu."

Ryan alikuwa amesimama. "Norman," alisema kwa sauti ndogo. "Kichwa juu?"

Ndipo uso wa Norman ulipoachana na uungwana wake.

"Ulikuwa wa mama yangu!" alisema. "Ulitaka niuache na damu? Miaka kumi na tisa alipika hapa. Alikupikia wewe, Ryan. Akafa, nikamwendea mjomba, nikapiga magoti hapa, kwenye nyasi hizi, nikamwomba pembe moja ya shamba la babu nimlaze. Akasema mwanamke aliyerudi nyumbani hana kaburi kwao. Nikamzika makaburi ya umma kati ya watu nisiowajua. Na sasa mnakaa hapa kila jioni mkichanga, yeye alazwe kwenye shamba hilo hilo! Siku ile nilimwomba mara ya mwisho. Nikamwambia nihamishe mifupa tu. Akanimiminia chai. Akasema, 'Kunywa, hayo tuliyamaliza.'"

Wazee waliangalia viatu vyao. Hakukuwa na mmoja ambaye hakujua, na hakukuwa na mmoja aliyewahi kusema.

"Uchungu wako ni wa kweli," alisema Awiti. "Lakini mtu haendi kuomba kwa kupitia nchi tatu, jina la uongo mfukoni. Ulikuwa umeshapanga jibu lake. Na ulimwacha Dalmas abebe kosa lako. Ulikaa hapa unakunywa soda, ukimhesabia siku."

Joash alimfunga pingu. Awiti alitoa simu yake, akampigia mkuu wake, akasema maneno machache tu: "Nimekuletea mwingine, Afande. Mtoe Dalmas leo, asilale hapo tena." Akasubiri hadi aliposikia ndiyo.

Walipofika getini Norman alisimama, akamgeukia mkewe. Alikuwa analia sasa, na safari hii halikuwa onyesho.

"Umeniuza mbele ya ukoo wangu, Anita. Mke wangu mwenyewe. Niombe msamaha hata wewe, niende na hilo moyoni."

"Ndiyo, mama," shangazi mmoja alinong'ona, akimsukuma kiwiko. "Mwombe. Ni neno tu. Anakwenda."

Anita alisimama. Alikwenda mezani, akachukua kikombe cha kijani, akatazama ule uzi, kisha akakirudisha kwenye mfuko wa karatasi wa polisi.

"Ndani ya basi tukirudi," alisema, "uliniuliza bahari ikoje. Nilifurahi sana. Nilianza kukuambia, nikadhani sasa utaiona kupitia kwangu. Ukalala kabla sijafika kwenye jua. Safari yangu uliifanya kichaka cha kujifichia, na hata kichaka chenyewe hukutaka kukisikiliza. Mungu atanihukumu kwa uongo niliosema. Kwa ukweli niliosema leo, wewe, na shangazi, na ukoo mzima, nisikieni vizuri. Siombi msamaha."